Mpira wa Ndege ya Mgeni

Kila asubuhi vita vilianzia kwenye kioo. Kilikuwa kioo kimoja tu, kimetundikwa kwenye msumari kando ya dirisha, na mbele yake walisukumana wasichana wawili wa darasa la sita, kila mmoja na kitana chake mkononi.

"Sogeza kichwa chako."

"Sogeza wewe. Kwani kioo kina jina lako?"

"Kina jina la mama yangu. Na nyumba pia, kama hujui."

Aliyetoa jibu hilo la mwisho ni Sindano. Jina lake halisi wenzake walishalisahau, wakabaki na hilo, kwa sababu ulimi wake ulichoma na haukuchagua wa kumchoma. Aliyechomwa asubuhi hiyo alikuwa binti wa mama yake mdogo. Aliletwa miezi mitatu iliyopita, mama mdogo alipopata kazi ya mbali asiyoweza kwenda na mtoto. Darasani walimpachika jina la Mgeni, na Sindano alihakikisha jina hilo halimtoki.

Tangu Mgeni afike, kila kitu kilikuwa nusu. Kitanda nusu, meza ya dirishani nusu, hata mama akawa nusu. Mama alikuwa fundi cherehani, na chumba cha mbele ndicho kilikuwa karakana yake. Sindano alikuwa akimwomba Mungu kimoyomoyo mama mdogo aache kazi, arudi kumchukua mtoto wake. Aliomba hivyo bila aibu yoyote.

"Nyie wawili, nitakipasua hicho kioo!" mama alifoka kutoka kwenye cherehani. "Nendeni shule!"

Shuleni mambo yalikuwa mabaya zaidi, kwa sababu ya ndege. Muhula huo alikuja fundi seremala mmoja kuwafundisha kuunda ndege ndogo za vijiti na karatasi nyembamba. Ndege hizo zilirushwa kwa nguvu ya mpira. Uliukaza mpira kwa kuzungusha rafadha, yaani lile panga dogo la mbele linalozunguka, halafu ukaachia. Mpira ulipojifungua, uliizungusha rafadha kwa kasi na ndege ikapaa. Fundi mwenyewe hakuwa na maneno matamu, na wanafunzi walimwita Fundi Msasa kwa jinsi sauti yake ilivyokwaruza. Aliwaambia kwamba ndege mbili zitakazokaa hewani muda mrefu kuliko zote zitakwenda kwenye maonyesho ya shule, pamoja na waliozitengeneza.

Sindano alishajiona huko. Tatizo ni kwamba walipozijaribu ndege bila mpira, kwa kuzisukuma hewani kwa mkono, ya Mgeni iliteleza polepole mpaka ukingo wa uwanja. Ya Sindano ilipiga pua chini hatua tatu mbele yake.

"Umeibandika udongo mwingi wa uzito puani," alisema Fundi Msasa. "Tunatengeneza ndege hapa, hatutengenezi nyundo. Mwangalie mwenzako alivyofanya."

Darasa zima lilicheka. Sindano aliona moto. Kuambiwa amwangalie Mgeni kulimuuma kuliko kicheko chenyewe.

Jumatano iliyofuata ilikuwa siku ya kuandaa mpira wa ndege. Kila mtu alipewa utepe mwembamba wa mpira, mrefu kama mkono. Mgeni hakuwepo, kwani mwalimu mkuu alikuwa amemwita ofisini kujaza karatasi za uhamisho.

"Sikilizeni vizuri, sitarudia," alisema Fundi Msasa. "Mpira mkavu hujisugua wenyewe ukakatika, kwa hiyo tunaupaka mafuta. Mafuta ya nyonyo! Ya nyonyo tu! Ukipaka ya mashine au ya taa, mpira utavimba na kulegea, na siku ukiukaza utakukatikia usoni. Tumeelewana?"

"Ndiyo, fundi!"

Walipaka palepale kutoka kwenye chupa yake, naye akaifunga na kuondoka. Mgeni aliporudi alikuta utepe wake kwenye dawati na wenzake wakibeba mikoba.

Jioni, nyumbani, Mgeni aliumeza uchungu wake akauliza. "Eti mpira mmeufanyaje?"

"Tumeupaka mafuta," alijibu Sindano bila kuinua uso kwenye daftari.

"Mafuta gani?"

Jibu lilikuwa ulimini kabisa. Lakini Sindano alikumbuka kicheko cha darasa, na fundi alivyomwambia amwangalie Mgeni. Akalimeza.

"Mafuta si mafuta? Miezi mitatu unakaa kwa fundi cherehani, hujui mafuta yako wapi?"

Mgeni aliinuka. Alikwenda chumba cha mbele, akachukua kikopo cha mafuta ya cherehani, akaupaka mpira wake kwa uangalifu kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Sindano alimwona kupitia mlango ulio wazi. Alijiambia kwamba hajadanganya, maana hajasema neno hata moja lisilo la kweli. Akaendelea na hesabu zake, na zote akazikosa.

Ijumaa darasa lote lilitoka uwanjani. Mgeni alianza kuukaza mpira wake, mwenzake mmoja akiwa ameishika ndege kwa nyuma, wengine wakihesabu kwa sauti. "Themanini na nane! Themanini na tisa!" Sindano alifungua mdomo kusema simama, akaufunga. Walipofika tisini na nne kilisikika kishindo kikavu. Mpira ulikatika, ukavunja kijiti cha mgongo wa ndege, na ncha yake ikamchapa Mgeni chini ya jicho.

Mgeni alijishika uso. Damu ilipita katikati ya vidole.

Fundi Msasa aliukagua uso wake kwanza. Jicho lilikuwa zima, ngozi ndiyo iliyochanika. Kisha akaokota kipande cha mpira, akakinusa, na shingo yake ikatoa mishipa.

"Haya mafuta ya mashine! Niliwaambia nini?"

"Ya nyonyo tu!" darasa zima liliitikia.

Mgeni aliwatazama wote walioitikia, na mwishowe akamtazama Sindano. Hapo ndipo alipojua. Sindano aliinamisha macho, akajifanya anafunga kamba ya kiatu.

"Nani alikwambia upake haya?" fundi aliuliza.

Mgeni alitikisa kichwa. Alikuwa akila na kulala kwa akina Sindano. Angemsema, jioni angerudi wapi?

Mwalimu mkuu alifika mbio. Hakuwahi kuzipenda zile ndege tangu mwanzo, na sasa alipata sababu. "Zote kabatini! Mtoto asiyesikia maagizo anataka kutoboa macho ya wenzake. Maonyesho hakuna!"

Ndege ishirini na saba zilifungiwa kabatini. Hasira ya darasa ilimwangukia mtu mmoja. "Umetuharibia, Mgeni!" "Rudi ulikotoka!" Mmoja alimmwagia maji ya chupa mgongoni. Siku nyingine Sindano angecheka kwanza kuliko wote, lakini siku hiyo kicheko kiligoma kutoka.

Nyumbani mama aliusikia mkasa wote palepale mlangoni. Aliliosha jeraha, akabandika plasta, kisha akakiinua kikopo chake na kukitikisa. Hakikutoa sauti.

"Mafuta yangu ya kazi umeyachukua kwa ruhusa ya nani?"

"Nisamehe, mama mkubwa."

"Nikusamehe mara ngapi? Juzi mkasi, leo mafuta, na shuleni umefungisha kazi ya darasa zima. Mimi sina nguvu za kulea mtoto asiyesikia. Kesho nampigia mama yako simu aje akuchukue. Shule utatafutiwa huko huko."

Basi dua ya miezi mitatu ilikuwa imejibiwa. Kitanda kizima, meza nzima, mama mzima. Sindano alisubiri furaha ije. Badala yake alimwona Mgeni akiinuka taratibu, akaanza kukunja nguo zake mbili za shule, plasta usoni, bila kulia wala kumtazama mtu. Sindano alijichukia vibaya sana.

"Mama, usipige simu."

"Wewe hayakuhusu."

"Yananihusu. Juzi mkasi niliupoteza mimi, nikanyamaza akalaumiwa yeye. Na fundi alisema mafuta ya nyonyo, nami nilisikia. Mgeni aliponiuliza nikamwambia mafuta tu. Nilimwona anachukua kikopo. Nilijua mpira utakatika."

Mama alikaa kwenye kiti cha cherehani. Kisha akamgeukia Mgeni.

"Rudisha nguo zako kabatini, mwanangu. Nimekuhukumu bila kukuuliza. Nisamehe mimi." Halafu akamnyooshea Sindano kidole. "Na wewe, haya yote utayasema Jumatatu mbele ya walewale waliomtukana. Nitakuwa nimesimama nyuma."

Ahadi ya mama ilitimia. Jumatatu Sindano alisimama mbele ya darasa, mwalimu mkuu upande mmoja, Fundi Msasa upande wa pili. Alisema yote. Darasa lilimzomea mpaka mwalimu mkuu akapiga meza.

"Kwa hiyo mtoto niliyemwita asiyesikia hakuwahi hata kuambiwa," alisema mwalimu mkuu polepole. "Nami sikuuliza." Alitoa ufunguo mfukoni, akafungua kabati. "Maonyesho yapo. Ila kuanzia leo hakuna atakayekaza mpira kabla fundi hajaukagua. Na wewe, binti, huendi."

"Lakini mimi sikusema uongo, mwalimu," Sindano alinong'ona, machozi yakimtoka. "Mafuta ni kweli tulipaka."

Fundi Msasa aliguna. "Nikuulize kitu. Mteja akiniuliza upana wa nafasi ya mlango wake, nikamwambia mita moja, nikazificha sentimita kumi zilizobaki, nimemwambia uongo?"

Sindano alifuta machozi kwa kiganja.

"Mita moja ipo kweli. Lakini mlango atakaonunua hautaziba nafasi yote, na mwizi ataingia. Ukweli hupimwa kwa kazi unayomfanyia aliyeuliza. Mwenzako aliuliza ili asiumie, ukampa nusu ukijua ile nusu uliyobaki nayo ndiyo ingemkinga. Ukimficha mtu unachojua anakihitaji, umemdanganya, hata kama kila neno lako ni la kweli. Na chuki yako haikukupa hata ushindi. Imekunyang'anya nafasi yako, ikamchana uso mtoto wa watu." Aliiweka ndege iliyovunjika mbele yake. "Kijiti cha mgongo umevunja wewe. Utakitengeneza wewe."

Sindano alikitengeneza siku mbili, akakisugua kwa msasa mpaka kikawa chepesi kama cha kwanza. Mgeni alikaa pembeni akikagua kila alichofanya, uso umekunjamana, akimrudishia kazi mara tatu. Sindano hakubisha hata mara moja.

Jumatano, kwa mpira mpya uliopakwa mafuta ya nyonyo na kukaguliwa na fundi, ndege ilipaa. Ilipanda juu ya paa la ofisi, ikazunguka uwanja, ikashuka taratibu kwenye majani huku darasa likihesabu sekunde arobaini na sita. Hakuna ndege nyingine iliyoifikia.

"Usidhani nimekusamehe," Mgeni alimwambia Sindano.

"Sijadhani."

"Sawa. Maonyesho bado wiki mbili, na mimi sijui kukata rafadha ya akiba kama wewe." Alimkabidhi kisu cha kuchongea, mpini ukiwa mbele. "Nifundishe. Na unifundishe yote."