Sanda ya Alima Imenunuliwa

"Innaa lillahi wa innaa ilayhi raajiun... Tunatangaza kifo cha Bi Alima binti Suleimane, mama yake Zuleica. Maziko ni leo baada ya Alasiri..."

Kipaza sauti cha msikiti kilisema hivyo asubuhi, jua limeshatoka.

Alima binti Suleimane ni mimi.

Nilikuwa uani kwangu, hapa Palma, Msumbiji, nimeinamia beseni, mikono imejaa povu mpaka viwikoni. Nikasimama. Nikajishika kifua. Moyo unadunda vizuri tu.

Nikasema labda kuna Alima mwingine. Lakini Alima binti Suleimane, mama Zuleica... mji huu tuko wangapi?

Ngoja niwarudishe nyuma ndugu zangu mnaosoma, maana hii stori hata mimi nikijisimulia najiona muongo.

Naishi peke yangu. Mume wangu Abibo ametangulia mbele za haki. Mwanangu ni mmoja, Zuleica, ameolewa Mtwara na Bwanaheri, mtu wa biashara za mpakani. Nyumba ina vyumba vitatu na mtu mmoja. Kuna siku nakohoa makusudi, nisikie tu sauti ya mtu ndani.

Zuleica aliponiambia ana mimba, nililia kwa furaha, hata sikuuliza ni ya miezi mingapi. Kwetu mimba ya kwanza binti anakuja kujifungulia kwa mama yake, halina mjadala hilo.

"Unakuja lini mwanangu?"

"Bado mama, bado kidogo."

Mwezi ukaisha, nikapiga tena.

"Bado mama, usijali."

Basi nikaona nisikae bure, nimshonee mjukuu mfarishi wa viraka. Juu vipande vya kapulana zangu za ujanani, wengine mnaziita vitenge, katikati pamba, chini flanela. Flanela nasema, sio fulana ya kuvaa. Ile nguo nzito yenye manyoya laini, inayoshika joto. Juu ya mfarishi panatazamwa na wageni, lakini chini ndiko kunakogusa mwili wa mtoto. Chini hakutaki mchezo.

Nikaenda dukani kwa Kurwa. Akanishushia yenye picha za dubu wenye macho makubwa, nikakataa. Akanishushia nyekundu. Nikaisugua kwa ncha ya leso iliyolowa, leso ikageuka nyekundu. Hiyo ikifuliwa ingechafua viraka vyote. Zilizobaki nikazijaribu shavuni, maana kiganja changu kigumu kinadanganya. Iliyokuwa laini pande zote mbili ni moja tu.

Nyeupe.

"Nikatie vipande viwili sawa," nikamwambia. "Upana wake hautoshi, nitaviunganisha. Na uongeze kidogo."

"Yote hiyo ya mtoto, mama?"

"Flanela ikifuliwa inarudi, inakuwa fupi. Ukiishona kabla haijaonja maji, mfarishi unakuja kujikunja wote."

Kumbe jirani yangu Zaida alikuwa nje ya duka. Hayo maneno hakuyasikia. Alichoona ni mjane mpweke, ananunua nguo nyeupe, vipande viwili, na bei habishani. Na kwetu nguo isiyobishaniwa bei inajulikana ni ya nini.

Hakunisalimia. Hakuniuliza. Akatoa simu, akaandika kwenye group la wanawake wa mtaa: "Alima amenunua sanda, anajiandalia."

Aliyesoma akamwambia mwenzake, "Sanda ya Alima imenunuliwa."

Sasa Waswahili wenzangu... ukisikia sanda ya mtu imenunuliwa, unauliza nini tena? Unauliza maziko saa ngapi.

Mimi huku sijui hili wala lile. Umeme ulikatika mtaani tangu jana yake, simu yangu imezima. Msikiti una sola, wao hawana shida. Nimeloweka flanela yangu kwenye maji ya moto yenye chumvi kidogo, nimefua, nimesuuza mpaka maji yametoka safi, kipande cha kwanza kiko kwenye kamba. Nakamua cha pili ndio kipaza sauti kikaniua.

Haikupita muda, watu hao... Mikeka, kuni, unga, masufuria ya shughuli. Wanawake ambao hawajakanyaga kwangu tangu matanga ya Abibo. Mbele yao Zaida, analia kwa kwikwi.

"Dada yangu mimi! Nilikuwa namwangalia kila siku!"

Kila siku? Zaida?

Nikatokea uani, beseni mkononi.

"Karibuni," nikasema.

Mmoja akazimia pale pale. Shehe Abdulcarimo, aliyetangaza, akasoma Ayatul Kursiyu mpaka mwisho, kisha akasogea na kunitazama usoni.

"Bi Alima, wewe ni mzima?"

"Mpaka sasa hivi, shehe."

Kurwa naye akafika anahema. "Jamani, mimi nilimuuzia flanela. Ya mtoto."

Watu wakacheka, wakaniomba radhi. Mimi nikaona, si ndio hawa wamekuja wenyewe? Uani kwangu pamejaa watu. Nikafurahi kweli, sijui niwaambieje.

"Kaeni basi, nichemshe chai."

"Tunashukuru mama Zuleica, tuna shughuli nyumbani."

Mikeka ikakunjwa. Unga ukabebwa. Maji hayajachemka, nimebaki peke yangu.

Hilo liliniuma kuliko tangazo lenyewe. Mimi maiti walikuwa tayari kukaa nami mpaka jioni. Mimi mzima, kikombe cha chai kimewashinda. Nikaketi kizingitini nikalia, mfiwa na marehemu ni mimi mwenyewe.

Kesho yake mchana nilikuwa napiga pasi flanela. Pikipiki ikasimama nje, mtu akashuka analia kwa sauti ninayoijua.

Zuleica. Habari ya kifo changu ilivuka Ruvuma siku ile ile. Ya uzima hakuna aliyekumbuka kuivusha.

Akaingia, akanikuta nimeshika pasi ya mkaa.

"Mama?"

"Mwanangu."

Akanirukia, tukalia wote. Mara nikahisi kitu kinanivuta ushungi. Nikachungulia mgongoni kwake.

Mtoto. Ananicheka. Ana meno mawili.

Ndugu zangu, mimi si daktari, lakini mtoto wa "bado kidogo mama" hana meno.

"Huyu wa nani?"

"Wangu, mama. Anaitwa Abibo."

Jina la marehemu mume wangu.

"Mama mkwe alitaka azaliwe kwao," akasema, kichwa chini. "Bwanaheri akasema tutakuambia baadaye. Nikaogopa kukuvunja moyo. Kila ukipiga nikasema bado, mpaka nikashindwa pa kuanzia."

Nilitaka kumzaba kibao. Nilitaka kumbusu. Nikamchukua mtoto kwanza. Nikamlaza juu ya flanela niliyoipima kwa kichanga, akageuka, akatambaa mpaka akatoka nje yake. Nilikuwa namngoja mtu ambaye ameshafika duniani na anatambaa. Nikalia tena, safari hii kimya kimya.

"Unarudi lini?"

"Nimeruhusiwa siku tatu, mama. Za matanga."

Basi tukayakaa matanga yangu mimi na yeye. Tulipika, tulisutana, tulicheka. Siku ya tatu Bwanaheri akapiga, Zuleica akaweka sauti ya nje.

"Pole tena mke wangu. Matanga mmeshaanua?"

"Mama hajafa, baba Abibo. Amempakata mwanao hapa."

"Alhamdulillahi. Basi kesho urudi. Unangoja nini tena?"

"Nangoja arobaini."

"Arobaini ya nani, na mtu hajafa?"

"Yangu mimi. Ya uzazi. Sikuikaa kwa mama yangu. Naikaa sasa."

Zuleica akakata simu, akaja kulaza kichwa kwenye paja langu, mtu mzima na mtoto wake.

Arobaini imekwisha wiki hii. Wamerudi Mtwara na mfarishi wao, na nyumba imenyamaza, sitawadanganya. Ndio maana nimekaa nawaandikia ninyi nisiowajua.

Kama mama yako yupo, usingoje atangazwe. Na kama jirani yako anaishi peke yake, muulize jambo, lolote lile, hata kama ameona kuku wako. Ana hamu sana ya kuulizwa.