Benchi Alilolikataa Paka

Kila asubuhi, kabla kinyozi hajafungua kibanda chake cha kunyolea, mama mkwe wake alitoka nje. Alikaa kwenye benchi mbele ya nyumba na kuota jua. Aliwasalimia wapita njia. Aliwauliza wanakokwenda, na wakirudi aliwauliza walikotoka.

Pembeni yake alilala paka wa nyumba, jina lake Meneja. Aliitwa hivyo kwa sababu alikagua kazi zote na hakufanya hata moja. Panya walipita mbele yake kama wapangaji waliolipa kodi.

Siku moja Mama alikaa, na mguu wa benchi ukavunjika. Meneja aliwahi kuruka. Mama hakuwahi. Alianguka chali mbele ya watu, kiatu kimoja kikaenda zake barabarani. Hakuvunjika mfupa. Aliumia nyonga kidogo, lakini aibu ilimuumiza zaidi.

Kinyozi aliushika ule mguu wa benchi. Ulimeguka mkononi kama mkate. Ulikuwa umeoza kuanzia chini, pale ulipofukiwa kwenye udongo.

"Sitoki nje tena," alisema Mama. "Mtaa mzima umeona nyayo zangu."

Tangu siku hiyo alikaa ndani. Alichukua kiti cha kinyozi na redio ya kinyozi. Hayo kinyozi aliyavumilia. Lililomuuma ni kwamba Mama hakucheka tena, na miguu yake ilianza kuvimba kwa kukosa kutembea.

"Mama lazima atoke," alisema mke wake, ambaye alikuwa mshonaji. "Akiendelea kukaa hivi atasahau kutembea."

Kinyozi alimpenda sana mama mkwe wake. Alipokwenda kuposa, wajomba wote walimkataa. Walisema hana mbele wala nyuma. Mama peke yake ndiye aliyesema, "Mwacheni. Kijana ana mikono mizuri." Sasa mikono hiyohiyo ilikuwa imetengeneza benchi lililomwangusha. Kinyozi hakulala vizuri.

Akaenda kununua mbao. Alichagua nyeupe, laini, zisizo na doa. Hakuuliza kama ni za ndani au za nje. Hakuuliza kama zimekauka. Aliziona nzito, akafurahi. "Mbao nzito ndiyo mbao imara," alijiambia.

Alipiga msumeno, akapiga nyundo, benchi likasimama. Kisha akafanya jambo ambalo kinyozi tu ndiye angeweza kulifanya. Aliliosha benchi kwa maji na sabuni, kama kichwa cha mteja. Na kabla halijakauka, akafungua kopo la vanishi.

Mke wake alisimamisha cherehani. "Si ungeacha likauke kwanza?"

"Mke wangu, nimepaka watu mafuta tangu hujanijua. Nywele zikiwa na unyevu ndiyo mafuta yanakaa."

"Lakini hilo ni benchi."

"Kupaka ni kupaka."

Akalipaka vanishi nene, tena nene juu ya nene. Benchi liling'aa mpaka ukaweza kujitazama. Kinyozi alirudi nyuma hatua chache, akatabasamu.

Meneja akaja kukagua. Alilinusa benchi. Akaruka juu. Akakaa. Alipotaka kuondoka, hakuondoka. Makalio yalikuwa yamenasa.

Kelele alizopiga zilitoa watu majumbani. Kinyozi alimvuta kwa mbele, Meneja akambandua ngozi ya mkono. Mke alikuja mbio na chupa ya mafuta ya taa.

"Weka chini hiyo chupa!" sauti iliita kutoka upande wa pili wa ua. Ilikuwa ya jirani, anayeitwa Mama Mabanda kwa sababu anajenga mabanda ya kuku. "Paka hujilamba! Ukimpaka hayo mafuta atayalamba yote, na ni sumu. Kata manyoya tu. Si una kinyozi hapo?"

Basi kinyozi akaleta mashine yake na kumnyoa paka. Meneja alikwenda zake akiwa na manyoya mbele na kipara nyuma.

Dirishani Mama alikuwa akitazama. "Mkwe wangu," aliita, "huyo mteja umemwacha nusu. Atakulipa nusu?" Akacheka mpaka akajifuta machozi.

Kinyozi alifurahi. "Mama, njoo ukae basi. Likikauka tu."

"Kaa wewe kwanza," alisema Mama. Akafunga dirisha.

Vanishi ilikauka juu tu. Mvua ikanyesha, jua likawaka, mvua ikanyesha tena. Vanishi ikavimba malengelenge. Mbao zikajipinda, moja ikatazama juu, nyingine ikatazama kwa jirani. Meneja alipopita pale alizunguka mbali, masikio yamelala.

"Mnamwona?" alisema Mama kutoka kwenye kiti cha kinyozi. "Yule ana akili. Meneja asipolikubali, mimi simo."

Jioni mke alimwambia mumewe, "Nenda kwa Mama Mabanda."

"Yule? Si anajenga mabanda ya kuku!"

"Na kuku wake wanalala ndani au nje?"

Kinyozi aligeuka kuyatazama mabanda upande wa pili wa ua.

"Mficha uchi hazai, mume wangu. Nenda kaulize."

Mama Mabanda hakungoja kuulizwa mara mbili. Tena hakuwa mtu wa kujishusha. "Nilijua utakuja," alisema huku akiingia uani. "Mabanda yangu yamesimama mvua nyingi kuliko ndoa za mtaa huu. Shikamoo, Mama!"

"Marahaba!" alijibu Mama kutoka ndani. "Mfundishe taratibu, ni mwanangu huyo."

Mama Mabanda alichukua sindano ya mshonaji na kutoboa lengelenge moja kwenye benchi. Maji yakachuruzika.

"Umeona? Ubao ulikuwa na maji ndani, wewe ukaufungia mlango. Maji yakitaka kutoka, yanasukuma vanishi. Halafu vanishi inapasuka, mvua inaingia. Ubao wa nje unapakwa ukiwa mkavu. Mkavu kabisa."

"Lakini nywele..."

"Nywele achana nazo. Tutazirudia."

Siku ya pili walikwenda wote kwa muuza mbao. Kinyozi alikimbilia tena ubao mweupe. Mama Mabanda akamshika shati.

"Tazama huu ubao. Hapa pembeni ni peupe, hapa katikati ni pekundu. Peupe ni sehemu ya mti iliyokuwa karibu na gome. Wadudu wanaipenda na inaoza upesi. Pekundu ni kiini cha mti. Kwa benchi la nje, chukua kiini. Na muulize muuzaji, mti huu unastahimili mvua? Maana si kila mti unastahimili."

"Ule wangu ulikuwa mzito, lakini."

"Ulikuwa mzito kwa maji. Mtu akitoka mtoni na nguo zake naye ni mzito, ndiyo amekuwa na nguvu?"

Mbao walizonunua hawakuzigusa siku hiyo. Walizipanga kivulini, juu ya mawe. Kati ya ubao na ubao waliweka vijiti ili upepo upite. Kinyozi alikuwa na haraka. Kila asubuhi alizibeba moja moja kuzipima kwa mikono, na Meneja alikwenda naye, kipara nyuma. Wiki zikapita. Mbao zikawa nyepesi. Ukizigonga, zililia kwa sauti kavu.

"Sasa tufanye kazi," alisema Mama Mabanda.

Waliunda benchi upya. Mbao za kukalia waliziachia nafasi ndogo katikati, ili maji ya mvua yapite yasikae. Miguu hawakuifukia tena kwenye udongo. Waliisimamisha juu ya mawe bapa. Kisha Mama Mabanda akampa kinyozi msasa.

"Usisugue kama unakuna mgongo. Fuata mistari ya ubao."

Macho ya kinyozi yakawaka. "Kama kuchana nywele! Unafuata zinakolala."

"Haya, hapo umepata. Nilikwambia tutazirudia."

Baada ya kufuta vumbi lote, walipaka mafuta ya mbao za nje. Kinyozi aliinua kopo ayamwage. Mama Mabanda alimpiga mkono.

"Kidogo! Paka mepesi. Acha ubao unywe. Yanayobaki juu, futa kwa kitambaa, maana yakiachwa yananata. Kesho, yakikauka, paka tena mepesi. Na hapa kwenye vichwa vya mbao, pale zilipokatwa, rudia mara nyingi. Hapa ndipo ubao unapofungua mdomo. Usipoupa mafuta, ubao utakunywa mvua."

Walipomaliza, kinyozi alikunja vitambaa vyenye mafuta na kuvitupa kwenye kona karibu na cherehani.

"Wewe!" alifoka Mama Mabanda. "Vitoe nje uvitandaze kimoja kimoja vikauke. Vitambaa vya mafuta vikirundikwa vinapata joto na kushika moto vyenyewe."

Mke wa kinyozi alivitoa mwenyewe, tena mbio. Meneja naye alifungiwa ndani mpaka mafuta yakauke. Alilalamika mlangoni mchana kutwa.

Mvua kubwa ikaja. Ilipoisha, familia nzima ilisimama dirishani. Benchi lilikuwa limenyooka. Matone yalikaa juu yake, kisha yakateleza na kupita kati ya mbao. Hapakuwa na lengelenge hata moja.

"Mfungulieni Meneja," alisema Mama.

Paka alitoka. Alilizunguka benchi. Alinusa mguu mmoja, akanusa wa pili. Meneja akatazama juu ya benchi, akapiga miayo, akaingia chini yake na kulala.

Kinyozi alikwenda kusimama mlangoni. "Amelikataa," alisema kwa sauti ndogo. "Mama, nisamehe. Nimejaribu."

Mama alichukua fimbo yake. Alitoka mlangoni polepole, akafika kwenye benchi, akainama kumtazama paka. Kisha akageuka na kukaa. Akakaa kweli, kwa uzito wake wote.

"Mama!" alisema binti yake. "Si ulisema Meneja asipolikubali, wewe humo?"

"Mwanangu, aliye juu ya benchi bovu ataumia. Aliye chini yake atakufa. Paka mwoga kama huyu amelala chini, nami nitaogopa nini?"

Alipapasa ubao kwa kiganja. Kisha akamtazama kinyozi, ambaye bado alikuwa amesimama mlangoni.

"Na wewe, mkwe wangu, njoo. Mabenchi yote uliyotengeneza sijakuona umekalia hata moja."

Kinyozi akaja, akakaa ukingoni, nusu amesimama. Benchi halikulia. Akakaa vizuri.

"Niliwaambia wajomba una mikono mizuri," alisema Mama. "Sikukosea. Ila juzi hapa nilianza kuwa na wasiwasi."

Kinyozi alicheka, na macho yake yakalowa.

Siku hizi miguu ya Mama imepungua uvimbe, maana anatembea kwenda na kurudi kwenye benchi lake. Kinyozi amerudishiwa kiti. Redio bado. Manyoya ya Meneja yameota. Na kila mwaka, mawingu yakianza kujikusanya, Mama humwita mkwewe kabla hajafungua kibanda.

"Lete mafuta, baba. Mbao zina kiu."

Naye huja na vitambaa viwili, kimoja chake, kimoja cha Mama.