Mashine Inayopenda Kelele

"Besi, Marivic! Watu wanataka besi!"

"Watu wanataka nyimbo, Dencio! Ukimpigia bibi jirani yetu, Aling Pacing, besi siku yake ya kuzaliwa, ataruka na kiti chake!"

"Bila spika kubwa nani atatujua?"

"Bila nyimbo za Kibisaya nani atatukodi? Nusu ya mtaa wetu imetoka Visayas, wewe unang'ang'ania mashine ya Kiingereza kitupu!"

Walikuwa wanaongea kwa mpigo mmoja, ndani ya duka la mashine za karaoke huko Raon, Manila, mtaa ambao kila duka linapiga wimbo wake na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Mwenye duka, Mang Tonying, alisimama katikati yao na kipaza sauti mkononi, kama refa aliyepoteza filimbi.

Marivic alikuwa amevaa gauni la njano na viatu vipya. Alidhani kuchagua mashine ya biashara yao ya kwanza ya kukodisha karaoke kutakuwa kama siku ya mapenzi. Sasa viatu vinambana na mpenzi anamkera. Zamani Dencio aliahidi harusi baada ya kununua pikipiki ya abiria. Pikipiki ikaja. Ikawa baada ya kuipaka rangi. Ikapakwa, tena nyekundu. Sasa ni baada ya karaoke.

"Jaribuni hii," Mang Tonying akasema. "Ina Kibisaya, na inatoa maksi."

Marivic ni mwimbaji wa kwaya. Akaimba wimbo wa mapenzi wa kwao, taratibu, mpaka muuza betri wa jirani akazima redio yake. Mashine ikafikiri. Sabini na moja.

Dencio akachukua kipaza sauti, akaubweka wimbo uleule kama mtu aliyekanyagwa kidole. Tarumbeta! Tisini na nane!

Akacheka mpaka akashika ukuta. "Ndiyo hii, Mang Tonying! Inapenda kelele! Walevi wote watapata tisini, watatukodi kila wiki!"

Alikuwa sahihi, na hilo ndilo lililomchoma Marivic zaidi.

"Na mimi wa sabini na moja?"

"Wewe utabeba waya, mpenzi."

Alikuwa anatania. Marivic akatoka.

Alikuwa kando ya mkokoteni wa muuza samaki wa kukaanga, amejaza mdomo kwa hasira, simu ilipolia.

"Uko wapi, laazizi?"

"Naongea na samaki. Wana adabu kuliko wewe."

"Rudi bwana. Nilikuwa natania. Nitakuoa, naapa, baada ya kupata wateja wa kwanza…"

Marivic akashangaa. Sauti ilikuwa sikioni, na ilikuwa barabarani pia.

"Dada," muuza samaki akasema, "huyo wako anasikika mpaka kanisani."

"Dencio, zima kipaza sauti!"

"Kipi?" Spika zote zikauliza: KIPI?

Alirudi mbio, viatu mkononi. Wimbo mwingine ulikuwa unalia kwenye mashine bila mwimbaji. Akampokonya Dencio kipaza sauti.

"Baada ya pikipiki! Baada ya rangi! Baada ya karaoke! Sasa baada ya wateja! Kila kitu kina zamu yake ila mimi! Nitazeeka nikiitwa Baada!"

Wimbo ukaisha. Tarumbeta zikalia, nyota zikamwagika kwenye skrini. Mia moja.

Mtaa mzima ukapiga makofi. Muuza betri akapiga mluzi. Dencio peke yake hakucheka. Aliangalia ile mia, akamwangalia Marivic, pekupeku, gauni limelowa jasho.

"Mia," akanong'ona. "Na kila neno ni kweli."

Marivic alifungua mdomo amwambie anunue mashine yoyote anayotaka, yeye anarudi kwa mama yake. Lakini kilichomtoka, kikapita kwenye kipaza sauti na kwenye kila spika ya Mang Tonying, hata yeye mwenyewe hakukitegemea:

"Nioe kwanza, Dencio. Safari hii karaoke ndiyo isubiri."