Taa ya Juu ya Tangi

Haya aliyasimulia Joyceline mwenyewe, yule Mama Godlisten, mke wa Matayo wa kambi ya mkonge Ngombezi, akiwa hajiwezi tena kitandani.

Alikuwa na uvimbe kwenye titi la kushoto, akamficha hata mumewe. Mwaka shamba lilipobinafsishwa wakaja wamama wa afya, wakafunga taa ya pinki juu ya tangi la maji, izunguke kama ya mnara wa kuongozea meli, kuwaita wanawake wapimwe saratani. Kambini wakasema taa ikikumulika, imekuchagua, ugonjwa ni wako. Wanawake wakawa wanapita vichochoroni isiwamulike.

Jioni moja Joyceline alikwenda kwa jirani yake Sipora kuomba makaa.

“Umepita nyuma ya vyoo tena?” Sipora akamcheka. “Shoga, unaficha nini?”

“Nina mume mwenye wivu.”

Akirudi, jenereta likakohoa, likazimika. Giza likafunga kambi nzima. Lakini huko juu taa iliendelea kuzunguka, kri, kri, bila mwanga. Kisha ikasimama, imemwelekea yeye.

Akakimbilia ndani, akajifunga kanga mbili, akalala kifudifudi juu ya ule uvimbe.

Matayo akageuka gizani. “Mama Godlisten, zima hiyo taa.”

“Taa ipi?”

“Hiyo unayoilalia.”