Kitanda Kilichotandikwa Mapema

Mimi ni fundi rangi. Jumamosi moja asubuhi, jua limewaka vizuri, dada yangu aliniita nikampakie rangi chumba cha mtoto. Mimba yake ilikuwa na miezi mitano. Ya kwanza, mwaka juzi, ilitoka kabla hajanunua hata soksi, na tangu hapo alijilaumu kwamba yule mtoto hakukaribishwa. Safari hii hakutaka kuchelewa.

Mama yetu alisimama mlangoni, akakataa kuingia.

"Subirini mtoto alie kwanza," alisema. "Kitanda kikitandikwa mapema, hulaliwa na aliye karibu."

"Aliye karibu ni mimi, Mama, na miguu yangu haitoshi."

Dada alicheka mpaka akashika tumbo. Nikapaka kuta zote njano iliyopauka, nikaunganisha kitanda kidogo, naye akatandika shuka aliyoishona mwenyewe.

Kesho yake nilirudi kupaka mara ya pili. Chini kabisa ukutani nikakuta alama ya kiganja, vidole vitano vimepanuliwa. Nyumba ile haikuwa na mtoto. Nikapaka juu yake, nikanyamaza. Jumatatu nikaikuta tena, imepanda shibiri moja. Rangi ilikuwa imekauka kabisa, lakini alama ilikuwa mbichi.

Siku hiyo hiyo dada alininong'oneza, "Mtoto hachezi nikiwa humu. Sebuleni ananipiga mateke. Nikiingia humu, kimya."

Nikamwambia amelala tu. Nilidanganya, na nadhani alijua.

Jumatano mchana mkunga wake alikuja kumpima. Sebuleni aliweka kimashine chake tumboni, wote tukasikia moyo wa mtoto ukikimbia. Dada akamwomba wapime na kule chumbani. Akaketi kwenye kiti kando ya kitanda. Mkunga akaweka kimashine. Akakisogeza. Akakisogeza tena.

Hakuna.

Mkunga akakiondoa kimashine. Alimshika dada mkono, akamtoa. Sebuleni moyo ulisikika, ila ulikuwa umepungua mbio.

Mimi nilibaki. Shuka ilikuwa imenyooka, isipokuwa pale kwenye mto, pamebonyea kama palipolazwa kichwa kidogo. Nikapagusa. Palikuwa na joto.

Mama alikuwa mlangoni. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Ni yule wa kwanza," alinong'ona. "Amesikia anakaribishwa."

"Tumfukuze?"

"Mjukuu wangu nimfukuze vipi? Mpe pengine pa kulala. Dada yako asijue."

Basi nikatumia ujanja. Nilimwambia dada mguu mmoja wa kitanda umelegea, nakwenda kuutengeneza kwangu. Nilikuwa nimekileta kwa mkono mmoja, nikipiga mluzi. Kukitoa, nilikibeba kwa mikono miwili, nikapumzika njiani mara tatu. Sikutazama nyuma.

Chumba kilikaa kitupu hadi siku ya kujifungua. Alizaliwa msichana, akalia mtaa mzima ukasikia, na Mama ndipo akaruhusu atandikiwe kitanda kingine. Nilimpakata mpwa wangu, machozi yakanitoka mbele za watu.

Sasa ana mwaka mmoja na anatambaa nyumba nzima. Kile kitanda bado kiko kwangu. Mke sina, mtoto sina, na majirani wananitania kwamba nimenunua hatamu kabla ya farasi. Nacheka nao. Asubuhi nakitandika, nikirudi kutoka kazini nakikuta kimevurugika. Naogopa, sifichi. Siku nyingine namsemesha, namwambia mjomba amerudi, na hapo naogopa zaidi.

Ningekuwa nimeshakichoma. Lakini najua angerudi wapi, na najua ni moyo wa nani ungenyamaza.

Juzi niliupaka mlango wangu rangi nyeupe. Leo mchana nimekuta kiganja juu yake, upande wa ndani, usawa wa paja langu. Ni cha njano iliyopauka. Rangi ile iliisha mwaka jana na kopo nililitupa mwenyewe.

Nimepima kwa mkono. Imebaki shibiri moja afikie kitasa.