Dakika Arobaini na Tano hadi Mwanza

Kemilembe anakaa Bukoba, karibu na uwanja wa ndege. Ndege ikiruka, sufuria za Mama hutetemeka jikoni.

Dada yake, Asimwe, anasoma Mwanza, ng'ambo ya ziwa. Msimu huu wa senene, wale panzi wa kuliwa, hakuja nyumbani.

Basi Mama akakaanga senene. Akawatia kwenye kopo, akafunga kifuniko. "Bibi atampelekea Asimwe. Kemi, usiguse!"

Kemi akagusa.

"Mmoja tu," alisema. Kach! "Na huyu mwenzake." Kach! Kach! Mkono ukaingia, mkono ukatoka. Mara kopo likawa tupu.

Akalijaza maharage makavu, akafunga kifuniko kimyakimya.

Alasiri wakamsindikiza Bibi uwanjani.

"Bibi, Mwanza ni mbali?"

"Kwa basi ni kutwa nzima, mjukuu wangu, tunalizunguka ziwa. Kwa ndege tunakata katikati!" Bibi akaimba:

"Vuuum! Dakika arobaini na tano,
ziwa lote, na Mwanza hii hapa!"

Akatikisa kopo. Kacha kacha! "Sikia! Wamekauka vizuri. Asimwe atafurahi huyo!"

Kemi alitaka kusema. Bibi akapanda ngazi, akapunga mkono. Mlango ukafungwa.

Vuuum! Dakika arobaini na tano,
ziwa lote, na Mwanza hii hapa!

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Siku hiyo mjukuu alikuwa Kemi. Alilia kwa kwikwi mpaka Baba akachuchumaa.

"Baba, mle koponi mna maharage. Senene nimewala mimi."

Baba akashika kichwa. "Lo! Kemi!"

"Mpigie Bibi simu!"

"Simu ameizima. Yuko angani."

"Basi tuiite ndege irudi!"

"Ndege si baiskeli, mwanangu. Huipigii kelele ikasimama."

Wakakaa kwenye benchi. Baba akatazama saa. "Zimebaki dakika thelathini."

Kemi akatazama ziwa. Alitaka ndege ifike upesi. Alitaka pia isifike kabisa.

"Zimebaki kumi," alisema Baba.

Vuuum! Dakika arobaini na tano,
ziwa lote, na Mwanza hii hapa!

Wakangoja kidogo zaidi. Kisha Baba akapiga. Tuut, tuut.

"Tumefika salama!" alisema Bibi. "Asimwe huyu hapa, kopo keshalikumbatia."

"Bibi, naomba kuongea na dada."

"Haloo?"

"Dada, shikamoo."

"Marahaba, Kemi."

"Usifungue kopo. Ni maharage. Senene nimewala mimi. Nisamehe, dada."

"Wote?"

"Wote."

"Hata mmoja wa kuonja?"

"Hata mmoja."

Simuni kopo likasikika likitikiswa. Kacha kacha! Sauti hiyo ilimuuma Kemi kuliko kugombezwa.

"Nimehuzunika, Kemi," alisema Asimwe mwishowe. "Niliwangoja wiki nzima." Akavuta kamasi. "Haya, niambie. Walikuwaje?"

Kemi akafuta machozi. "Walikuwa na chumvi. Mama alitia kitunguu. Nje wakavu, ndani laini."

"Rudia hapo pa kitunguu."

Kemi akarudia, polepole. Asimwe akasikiliza, huku analia, huku anacheka. "Haya, nimekusamehe," alisema.

Usiku, kitandani, Kemi akageuka upande wa ziwa. "Samahani, dada," alisema tena, ingawa alishasamehewa. Kisha usingizi ukamchukua.