Nafasi Kati ya Herufi

Jumatatu asubuhi Sabra alikuta nafasi kati ya W na A imepungua. Ijumaa aliiacha ikiwa vipimo arobaini, na alikuwa ameandika daftarini. Sasa kompyuta ilionyesha thelathini na mbili.

"Umegusa faili langu?" alimuuliza Kasimiri, mwenye duka la mabango.

"Niliguse mimi nisiyejua hata kuifungua hiyo programu? Dada, uwe unalala."

Sabra alikuwa akichora fonti ya mabango: herufi ndefu, zilizobanwa mbavu, zenye vikanyagio vidogo miguuni, ili majina marefu yaenee mahali pafinyu. Sura zake alizitoa kwenye kaburi la zamani mlimani juu ya kijiji cha Mlali, lenye jiwe jembamba lililochongwa herufi. Alilibandika karatasi, akasugua mkaa. Kasiani, mwenye shamba lile, alimwambia, "Mwanangu, hapo hupigwa hodi kwanza. Pana mwenyewe." Sabra aliitikia tu. Mvua ilikuwa inashuka mlimani na alibakiza herufi mbili.

Fonti zake zote alizijaribu kwa jina la mama yake, MWANVITA, kwa sababu W, A, V na T ndizo ngumu kupangika.

Jumanne nafasi ilikuwa ishirini na tano. Duka lilinuka udongo uliochimbuliwa, na ndani ya kompyuta kulisikika tok, tok, kama patasi ikigonga jiwe. Saa sita mama alipiga simu.

"Kifua kinanibana, mwanangu. Kama mtu kanishika mbavu huku na huku."

Simu ikiwa bado sikioni, Sabra aliirudisha nafasi kwenye arobaini, lakini mbele ya macho yake herufi zikaanza kusogeleana tena, W ikiegemea A, V ikiingia ubavuni mwa N, na kila patasi ilipogonga pumzi ya mama ilifupika, mpaka Sabra akafuta jina, akafuta fonti nzima, akachomoa waya ukutani, na patasi ikaendelea kugonga.

Jumatano Mzee Stambuli, mtoa majini, alikuja nyumbani.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mgonjwa anaitwa nani?"

"Lazima nilitaje jina?"

"Dawa itamjuaje?"

Sabra alilinong'ona. Mzee aliandika kombe kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, aya kwa Kiarabu, na jina la mgonjwa chini yake kwa mwandiko uleule. Akamimina marashi, maandishi yakayeyuka, mama akanywa yote. Akavuta pumzi ndefu, ya kwanza tangu jana.

"Afadhali," alisema.

Sabra alichukua sahani kwenda kuiosha. Chini yake, zafarani ilikuwa imerudi, kavu. Herufi ndefu, zenye vikanyagio, zimebanana hata unywele usingepita.

"Babu," aliita polepole, "jina uliliandika na kwa herufi za Kizungu?"

"Sijui hata moja, mjukuu wangu."

Kutoka kifuani mwa mama ikasikika: tok.